Mti Si Kichwa cha Kunyolewa

Kinyozi wa mtaa huu alikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja na imani moja. Kiti kilikuwa cha chuma, chenye mto uliochanika. Kioo kilikuwa na ufa pembeni, kwa hiyo kila mteja alijiona ana sikio moja na nusu. Imani ilikuwa hii: chochote kinachoota lazima kinyolewe, na kadiri kinavyonyolewa ndivyo kinavyojaa.

Hakuwa na chumba cha kazi. Chumba chake kilikuwa kivuli. Mbele ya nyumba yake ulisimama mwarobaini mkubwa, na chini yake ndipo alipoweka kiti. Asubuhi kivuli kililala upande wa barabara, naye akasogeza kiti huko. Mchana kilirudi kwenye shina, naye akarudi nacho. Mkewe alisema kwamba tangu waoane, mumewe hajawahi kumfuata mtu kama anavyokifuata kivuli kile.

Mke mwenyewe alikuwa msusi. Aliwasuka wanawake kwenye kibaraza cha nyumba hiyo hiyo, chini ya mti huo huo. Mume aliondoa nywele, mke akaziongeza, na familia ikala kotekote.

Sasa, kila mwaka mvua zilipokaribia, Kinyozi aliutendea mwarobaini yale aliyowatendea wateja wake. Alivaa koti lake jeupe la kazi. Alipanda ngazi na panga mkononi. Majirani walitoa viti nje wakakaa kutazama, kama watu waliokuja kusikiliza hotuba. Kinyozi alikata kila tawi lenye majani. Alibakiza shina na vigutu, yaani mikono mifupi iliyokatwa katikati. Kisha alipaka rangi ya mafuta juu ya kila kidonda, kama anavyompaka mteja spiriti baada ya wembe. Mwisho alishuka, akarudi nyuma kidogo, akautazama mti huku ameinamisha kichwa upande.

"Umependeza," aliuambia.

Mti ulifanana na ngumi iliyoinuliwa kumtisha mtu.

Kwa majuma kadhaa wateja walinyolewa chini ya mwavuli. Halafu machipukizi yalitoka, mengi, marefu, ya kijani kibichi, yamesongamana kama wanafunzi kwenye foleni ya chakula. Kinyozi aliyaonyesha kwa kidole. "Mnaona? Nilisema utajaa." Majirani waliona. Wakamwomba awanyolee na miti yao. Baada ya miaka michache, mtaa mzima ulikuwa umejaa ngumi.

Siku moja ya upepo, kitini alikuwa amekaa mpishi wa shule, mtu mnene anayeogopwa na wanafunzi wote. Mashine ilikuwa imemaliza upande wa kushoto wa kichwa chake na haijafika kulia. Ghafla juu yao pakalia kitu kama mlango unaong'olewa. Tawi nene liliachia, likapita juu ya ukuta, likaangukia bati la kibaraza cha jirani.

Mpishi aliondoka mbio, taulo shingoni. Inasemekana alifika shuleni na nusu ya nywele, na jioni hiyo hakuna mwanafunzi aliyelalamikia maharage.

Jirani alikuwa fundi wa redio. Alitoka taratibu, redio moja bado inakoroma kwapani.

"Jirani," alisema.

"Jirani," alijibu Kinyozi.

"Bati langu limepata mgeni."

"Namwona."

"Chini ya lile bati hukaa mwanangu. Saa hizi huwa yuko pale anachora. Leo nilimtuma betri dukani." Fundi Redio alizima redio. "Nisingemtuma, mimi na wewe tusingekuwa tunaongea hivi."

Kinyozi alikuwa mtu mwenye jibu la kila jambo. Safari hii aliishia kuzima mashine.

Jioni alikuja Mwenyekiti wa mtaa. Alikuwa mtu mfupi mwenye kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, na hakuna aliyewahi kumwona akiandika. Alilitazama tawi. Alilitazama bati. Aliutazama mti kama hakimu.

"Jumamosi unakatwa," alisema. "Kuanzia chini kabisa. Nitaleta mtu wa msumeno wa injini."

Kinyozi aliona mambo mawili kwa mara moja. Aliona kiti chake cha chuma juani, kikiwa cha moto kama kikaango. Aliona mkewe na wateja wake kibarazani, jua la mchana kutwa likiwapiga usoni, wanakunja virago mmoja mmoja. Vyumba vya barabara kuu vilikuwa vya watu wengine. Pasipo mti ule, hapakuwa na kinyozi wala msusi.

"Huo mti hauendi popote," alisema.

"Unanikatalia?"

"Nakukatalia, Mwenyekiti, kwa heshima zote. Bati nitalitengeneza mimi, leo leo. Mti nitaunyoa. Safari hii nitaunyoa upara, usibaki na tawi la kumwangukia hata kuku. Lakini kuukata, hapana. Ukitaka kuukata, anza na mimi."

Mwenyekiti alimpima kwa macho. "Wewe ni mwembamba," alisema. "Hutachukua muda." Akaenda zake.

Kinyozi alitengeneza bati lile kabla jua halijazama. Fundi Redio alimshikia ngazi. Kisha Kinyozi akarudi nyumbani, akatoa panga nyuma ya mlango, akatafuta jiwe la kunolea.

"Kabla hujagusa hilo panga," alisema mkewe, "mwite dada yako."

"Simwiti."

"Vizuri. Maana nimeshampigia simu."

Dada yake alikuwa mkuu wa bustani za hospitali. Miti yote ya pale ilikuwa mikononi mwake: miarobaini, mikungu, mijakaranda na ile mingine ambayo wagonjwa hujilaza chini yake wakisubiri kuitwa. Watu walimwita Msumeno. Ni kwa sababu ya kifaa alichobeba na pia kwa sababu ya ulimi wake. Hakuwahi kuficha kwamba anaijua kazi yake, wala hakuwahi kuombwa mara mbili aeleze.

Alikuja kesho yake kwa baiskeli, msumeno umefungwa nyuma kwenye gunia.

"Wifi," alimwambia mke wa Kinyozi, "mgonjwa yuko wapi?"

"Yupi, mti au kaka yako?"

"Nitaanza na mti. Huo una matumaini."

"Nawasikia," alisema Kinyozi kutoka kitini.

"Ndiyo maana tunasema kwa sauti, kaka. Njoo huku."

Msumeno hakuangalia juu. Alilifuata tawi lililoanguka, akaligeuza, akaonyesha sehemu lilipoachia.

"Unaona nini?"

"Naona tawi limevunjika."

"Halikuvunjika. Tawi likivunjika huacha nyuzi zilizochanika. Hili limebanduka, laini, kama bandiko. Tawi ambalo mti umelizaa wenyewe hukua pamoja na shina tangu utoto. Mbao zao hufumana mwaka hadi mwaka. Lakini tawi linaloota baada ya wewe kuukata mti kichwa halikufumana na chochote. Limeotea kwenye ngozi. Nalo linarefuka haraka, linakuwa zito, na kinachoshika uzito wote huo ni ngozi tu."

Msusi, aliyekuwa akisuka mtu kibarazani, alisimamisha vidole. "Kumbe ni nywele za kubandika," alisema. "Mtu akizivuta zinatoka, na mwenyewe analia."

"Wifi, ungezaliwa kwetu wewe, tungefika mbali."

Kinyozi aliona anazingirwa. "Ngojeni," alisema. "Nimenyoa vichwa tangu ujana wangu. Nywele zikinyolewa huota. Sijaona mteja aliyedondoka kichwa kwa sababu ya kunyolewa."

"Sawa. Nywele zina kazi gani?"

"Kupendeza."

"Asiye na nywele anakufa njaa?"

"Hapana. Wateja wangu wenye upara ndio wanene."

"Basi sikia. Majani si nywele, kaka. Majani ni jiko. Mti unapikia huko juu, kwa jua. Ukikata majani yote, umevunja jiko la mtu, ukamwambia ale akiba huku akijenga jiko jingine. Ndiyo maana machipukizi hutoka mengi na kwa haraka. Wewe unadhani mti umefurahi. Mti una njaa. Na kabla haujamaliza kujenga, unarudi na panga. Na juu ya hayo, unauambia umependeza."

Mteja wa Msusi alicheka. Msusi akamrudisha kichwa mahali pake.

"Maneno hayo," alisema Kinyozi. "Vidonda niliviziba kwa rangi. Hakuna kilichooza. Nitakuonyesha."

Alichukua bisibisi, akapanda ngazi. Alipanda kwa kiburi, kama mtu anayekwenda kuchukua zawadi. Kigutu cha kwanza kilikuwa na rangi yake ya bluu, nzima, inang'aa. Aligonga juu yake kwa ncha ya bisibisi ili dada yake asikie ugumu. Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa, yalitoka maji meusi, na nyuma ya maji wakatoka siafu.

Alijaribu kigutu cha pili. Kilikuwa laini kama mkate uliolowa.

Alirudisha bisibisi mfukoni, akakaa juu ya ngazi.

"Nilipaka ili maji yasiingie," alisema.

"Na yaliyokuwa ndani yakakosa njia ya kutoka," alisema Msumeno. Sauti yake ilikuwa imeshuka kidogo. "Mti haupakwi dawa, kaka. Ukikatwa mahali sahihi, wenyewe hukizungushia kidonda gome jipya, polepole, mpaka kinafumba. Na ndani hujenga ukuta, uozo usipite. Lakini ukikata katikati ya tawi, mti hauna namna ya kufumba. Kigutu kinakufa, kinaoza, na uozo unateremka kwenye shina."

"Kwa hiyo Mwenyekiti ana haki? Ukatwe?"

"Nani kasema? Nimeligonga shina, bado ni zima. Mti huu unatengenezeka. Ila si kwa panga, na si kwa siku moja. Utahitaji miaka."

"Sina miaka," alisema Kinyozi. "Nina mpaka Jumamosi."

Jumamosi ilifika. Majirani, kwa mazoea, walitoa viti nje. Mwenyekiti alikuja na mtu wa msumeno wa injini, kijana mrefu mwenye miwani ya plastiki. Walimkuta Kinyozi amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, ameegemea shina, taulo shingoni, mguu juu ya mguu.

"Ondoka hapo," alisema Mwenyekiti.

"Siwezi. Nimekuja kunyolewa."

"Na nani?"

"Ndiye ninayemngoja."

"Nianze?" aliuliza mtu wa msumeno wa injini.

"Subiri," alisema Mwenyekiti. "Bwana Kinyozi, tawi liliangukia nyumba ya mtu. Kuna mtoto pale."

"Ni kweli," alisema Kinyozi. Alisimama, taulo likabaki shingoni. "Lakini tawi lile halikuangushwa na mti wala na upepo. Nililiangusha mimi, kwa panga langu, mwaka baada ya mwaka, nanyi mkiwa mmekaa kwenye viti hivyo hivyo mnasema nimenyoa vizuri. Mti huu umefanya kila njia kubaki hai licha yangu. Leo mnataka kuufunga kwa kosa langu. Sikubali. Kama ni faini, kama ni kusemwa, nipeni mimi. Mti hauguswi na huyo kijana."

"Nianze?" aliuliza kijana.

"Nimesema subiri." Mwenyekiti alijipapasa kalamu. "Na tawi jingine likianguka?"

Lilikuwa swali zuri, na Kinyozi hakujifanya kwamba si zuri. Alimtazama dada yake, aliyesimama kibarazani na gunia lake.

"Matawi yanayoweza kuanguka yanajulikana," alisema Msumeno. "Naweza kukuonyesha moja moja, na leo hii hii tukayatoa. Yaliyo imara yabaki."

Watu wote walimgeukia Fundi Redio. Alikuwa amesimama kwenye ukuta wake, mwanawe amemshika mkono.

"Mtoto ni wangu," alisema. "Kwa hiyo acheni nione kwanza. Lakini nitasimama hapa hapa, nikitazama kila tawi."

"Tazama, ila rudi nyuma," alisema Msumeno. "Chini ya tawi linalokatwa hakai mtu, hata awe na hasira namna gani. Na mtoto aingie ndani."

Fundi Redio alirudi nyuma. Mtoto aliingia ndani, akatokeza kichwa dirishani.

Msumeno alifungua gunia. Msumeno wake wa mkono ulikuwa na meno makali na mpini uliong'aa kwa kushikwa. Alimkabidhi kaka yake huo msumeno pamoja na kitambaa.

Hapo Kinyozi hakuhitaji kufundishwa. Alichukua chupa yake ya spiriti, akalowesha kitambaa, akafuta meno ya msumeno jino kwa jino. "Wembe wa kichwa kimoja hauendi kichwa kingine bila kusafishwa," alisema. "Ugonjwa husafiri."

"Sikia huyo," alisema Msumeno. "Kumbe nusu ya kazi unaijua. Na panga linapasua, msumeno unakata. Kwa nini unanoa wembe kwa mtu, halafu mti unaukatakata kama kuni?"

Kinyozi alipanda. Msusi alishika ngazi. Dada mtu alielekeza kutoka chini.

"Anza na yaliyokufa. Matawi makavu yote. Sasa yaliyovunjika. Sasa yenye ugonjwa, lile lenye gome jeusi. Umeona yale mawili yanayosuguana? Yakisuguana hutoboana ngozi. Chagua moja, lililo dhaifu litoke."

Halafu walifika kwenye vigutu. Kila kigutu kilikuwa kimeota msongamano wa machipukizi.

"Yote yatoke?" aliuliza Kinyozi, kwa matumaini.

"Hapana. Kwenye kila kigutu chagua mawili au matatu, yaliyoshika vizuri na kuachana. Haya ndiyo tutayalea yawe matawi kamili. Mengine punguza, na mengine yasubiri mwakani."

Tawi moja nene lilikuwa linaning'inia upande wa Fundi Redio. Ndilo watu walilokuwa wakilingoja. Msumeno aliinua sauti, mtaa mzima usikie.

"Angalia pale tawi linapokutana na shina. Unaona limevimba kidogo, kama pete, kama kola ya shati? Hiyo kola ni ya shina. Ndiyo itakayofumba kidonda. Usiikate. Lakini usiiache mbali pia, ukaacha kigutu. Kata nje kidogo tu ya kola."

Kinyozi aliweka msumeno juu ya tawi, karibu na kola, akaanza kukata moja kwa moja.

"Si hivyo. Mkato mmoja hautoshi kwa tawi zito."

"Nimeshaanza."

"Kaka."

"Mkato ni mkato."

Chini yake palikuwa na tawi dogo. "Basi jaribu kwa hilo," alisema Msumeno. Kinyozi alilikata kwa mkato mmoja, kutoka juu. Kabla msumeno haujamaliza, tawi lilielemewa na uzito wake, likaanguka, likavuta gome. Gome lilichanika kuteremka chini, kama ngozi inayovutwa pembeni ya ukucha.

Kinyozi alikunja uso kana kwamba ameumia yeye. "Nimemkata mteja," alisema kwa sauti ndogo.

"Umemkata. Sasa fanya ninavyosema. Mkato wa kwanza unaanzia chini ya tawi, mbali kidogo na shina, kama urefu wa mkono wako mpaka kiwiko. Usimalize, ingia kama theluthi moja tu. Mkato wa pili unatoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza. Tawi litaanguka, na gome likichanika litaishia kwenye ule mkato wa chini. Mkato wa tatu unaondoa kipande kilichobaki, nje ya kola, taratibu."

Alifanya hivyo. Walifunga tawi kwa kamba, wakaliteremsha upande wa barabara, mbali na bati. Halikugusa kitu. Mkato wa tatu ulibaki safi na mviringo, kola yake ikiuzunguka.

Fundi Redio aliukagua kwa mbali, mikono nyuma. Kisha alikaa chini.

Kinyozi alikolea. Alikata, akafuta, akasogea. Alikuwa anaelekea upande wa pili wa mti pale dada yake alipopiga makofi.

"Shuka. Inatosha."

"Bado kuna kichaka huku nyuma. Hakiko sawa na mbele."

"Kibaki. Ukitoa zaidi ya robo ya majani kwa mwaka mmoja, unarudi kulekule kwenye njaa."

"Siwezi kumwacha mteja hivi. Watu watasema nini?"

"Watasema una kivuli."

Alishuka. Alipofika chini, macho yake yalitafuta kopo la rangi. Hakuliona. Msusi alikuwa amelikalia.

"Hata vidonda vile vikubwa visipakwe?" aliuliza.

"Hata vile vikubwa, mume wangu. Tafuta kazi nyingine."

Majirani walikuwa wakinong'onezana. "Mbona kama haujaguswa?" aliuliza mmoja.

"Ndiyo kazi nzuri ilivyo," alisema Msumeno. "Mti uliopunguzwa vizuri, mpita njia hajui kama umepunguzwa."

"Wa kwangu umegusa nyaya za umeme," alisema mwingine. "Niupunguze hivyo hivyo?"

"Huo usiuguse, wala usiuwekee ngazi. Waite watu wa umeme. Sitaki kuja kukuona kwetu hospitali."

Mtu wa msumeno wa injini alivua miwani yake. "Kwa hiyo sianzi?" aliuliza.

Mwenyekiti alifikiri. "Nakupa mpaka mvua ziishe," alimwambia Kinyozi. "Tawi moja likianguka, sitakuja kuzungumza."

"Tawi moja likianguka," alisema Kinyozi, "nitalibeba mwenyewe mpaka mlangoni kwako."

Mvua zilikuja na upepo wake. Upepo mkubwa ulivuma mchana mmoja, na Kinyozi hakuingia ndani. Alisimama kibarazani, koti jeupe limeloa, amekunja mikono. Mwarobaini uliinama, ukainuka, ukainama. Kila ulipoinama, naye aliinama. Msusi alimwambia aingie, atapata mafua. Akajibu kwamba wakati mteja yuko kitini, kinyozi haondoki.

Kwingine mtaani palisikika vishindo. Mti wa kona uliachia tawi barabarani. Mti wa dukani uliachia mawili. Mti wa Mwenyekiti, ambao mwaka uliopita Kinyozi aliunyoa upara kwa mikono yake mwenyewe, uliangusha mkono mzima juu ya geti, na geti likalala kifudifudi kwenye tope. Hakuna aliyeumia.

Mwarobaini wa Kinyozi uliangusha majani, na kijiti kimoja kisichozidi unene wa penseli.

Mvua zilipoisha, pembeni ya kila mkato safi palikuwa na ukingo wa gome jipya, wa rangi ya kahawia iliyopauka, unaoelekea katikati. Kinyozi aliukagua kila asubuhi kabla ya kupanga mashine zake. Fundi Redio alitoa meza yake ya kazi nje ya ukuta, akaiweka upande wa pili wa shina. Mwanawe alikaa chini ya meza, akachora.

Siku moja Mwenyekiti alikuja. Alisimama mbele ya kiti, ambapo mpishi wa shule alikuwa ananyolewa, safari hii pande zote mbili.

"Ile amri," alisema Mwenyekiti. "Ya kukata. Nimeiondoa."

"Asante," alisema Kinyozi. "Lakini si mimi uliyenihukumu."

"Unasema nini?"

"Ulihukumu mti, mbele ya watu. Uambie."

Mwenyekiti alitazama barabara, huku na huku. "Mimi siongei na miti, bwana Kinyozi. Nina cheo."

"Na mimi siendi kutengeneza mti wako, ule ulioua geti na kukuleta hapa. Nina mteja."

Msusi aliacha kusuka. Fundi Redio alipunguza sauti ya redio. Mwenyekiti alisogea kwenye shina, akasafisha koo lake.

"Samahani," aliuambia, kwa haraka.

"Sauti," alisema Kinyozi. "Masikio yake yako juu."

"Samahani," alisema Mwenyekiti, na safari hii mpaka mwenye duka alisikia.

Kinyozi alizima mashine. Alichukua msumeno wake mpya kutoka ukutani, akalowesha kitambaa kwa spiriti, akafuta meno jino kwa jino. Kisha akamfuata Mwenyekiti, bega kwa bega, huku akimweleza habari za kola, na kwamba kazi itachukua miaka, na kwamba asithubutu kuleta rangi.

"Na mimi je?" aliita mpishi kutoka kitini, taulo shingoni.

"Ningoje hapo kivulini," alijibu Kinyozi bila kugeuka.

Mpishi alingoja. Kivuli kilikuwepo.